Je, wajua kwa nini godoro la upepo hulegea usiku hata kama halijatoboka?

Unalijaza upepo jua likizama, unalibonyeza kwa kiganja, limekaza kama ngoma. Unalitandika ndani ya kitanda cha bembea, kile cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, kisha unalala. Saa tisa usiku unaamka makalio yamezama, bega limegusa kitambaa, na baridi inapanda kutoka chini. Wazo la kwanza ni moja tu: linavuja.

Ndivyo nilivyoamini mimi kwa misimu miwili. Asubuhi moja nililizamisha godoro langu kwenye beseni la maji, kipande baada ya kipande, nikisubiri mapovu. Kilitoka kiputo kimoja karibu na vali, hewa iliyokuwa imenasa kwenye mkunjo wa mpira, nami nikakichukua kuwa ushahidi. Nikapaka gundi kuizunguka vali, nikabandika na kiraka mahali palipoonekana pamechakaa. Usiku uliofuata likalegea vilevile. Nikanunua jingine la kitambaa kizito zaidi, nalo likalegea saa zilezile. Magodoro mawili yasiyo na uhusiano wowote hayawezi kuvuja kwa ratiba moja. Hapo ndipo nilipojiuliza kama kweli upepo ulikuwa umetoka, au ulibaki humohumo ukapungua nguvu.

Ulibaki humohumo. Hewa ikipoa husinyaa. Hesabu yake ilifanywa na Mfaransa Jacques Charles katika miaka ya 1780, ikachapishwa na mwenzake Gay-Lussac mwaka 1802, na haijabadilika tangu hapo. Kilichonisumbua ni kwamba kupungua kwenyewe ni kidogo mno. Joto likishuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 10, nguvu ya hewa iliyofungiwa hupungua kwa asilimia 5 tu, kwa sababu hesabu hii haianzii kwenye sifuri ya barafu bali kwenye sifuri ya chini kabisa, nyuzi 273 chini ya hiyo. Inakuwaje asilimia 5 igeuze godoro gumu kuwa mfuko uliolegea?

Fikiria gunia la mahindi. Likiwa limejaa kawaida, ukiliegemeza ukutani linajikunja. Ukilishindilia, ukaongeza mahindi viganja viwili vitatu kisha ukashona mdomo, linasimama wima lenyewe. Mzigo wote uliomo haukulisimamisha. Viganja vile vya mwisho ndivyo vilivyolifanya likaze. Vitoe tu, gunia linaanguka, ingawa ukilipima kwenye mizani huoni tofauti.

Godoro la upepo ni gunia la namna hiyo. Hewa ya nje inalikandamiza pande zote, na hewa ya ndani lazima kwanza iurudishe msukumo huo wote ndipo ibaki na cha ziada cha kulikaza. Tuupe msukumo wa nje namba 100. Mtu aliyepuliza kwa mdomo hadi mashavu yakamuuma huwa amefika 104 hivi, 105 akijitahidi sana. Kwa hiyo ugumu wote unaousikia ukibonyeza ni ile 4 ya juu. Sasa toa asilimia 5 ya 104. Unabaki na kama 99. Ile ziada imekwisha yote, na hewa ya nje imeanza kulibana godoro mpaka lijikunje kidogo. Hakuna hata chembe moja iliyotoka.

Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, kwa sababu sikuamini kwamba ugumu wa kitu kinachobeba mtu mzima umekaa kwenye ukingo mwembamba hivyo.

Kuna na jambo la pumzi. Hewa inayotoka kinywani ina joto la nyuzi 34 hivi, na kama asilimia 5 yake ni mvuke wa maji. Ikipoa ndani ya godoro, sehemu kubwa ya mvuke huo hugeuka matone na kuacha kuwa hewa. Aliyepuliza kwa mdomo anapoteza mara mbili: mara ya kwanza kwa baridi, mara ya pili kwa mvuke. Anayetumia pampu, au ule mfuko wa kunasia upepo unaokunjwa na kukamuliwa kwenye vali, anaanza na hewa yenye joto la mahali alipo, na pia haleti unyevu wa kinywa ndani ya kitambaa.

Hesabu hizi zinachukulia kwamba hewa yote ya ndani imepoa kufikia baridi ya nje. Kwa kweli mwili wako unalipasha upande wa juu, kwa hiyo kushuka halisi ni kudogo kuliko nilivyoandika. Ni kudogo kiasi gani, inategemea unene wa godoro, nguo ulizovaa na upepo wa usiku huo. Kitambaa kipya cha nailoni nacho hutanuka kidogo siku za mwanzo, hasa kikipata unyevu, na hilo huongeza kulegea.

Basi utajuaje kama ni baridi au ni tundu? Baridi hurudisha ilichochukua, tundu halirudishi. Jua likipanda, godoro lililolegea usiku likakaza tena bila kuongezwa pumzi, ni zima. Kwa uhakika zaidi lijaze kwa pampu ndani ya chumba, liache saa kadhaa lizoee, lijazie kidogo, weka mzigo juu yake, kisha lipime kesho yake saa kama hiyo, chumba kikiwa na joto lilelile. Likiwa limelegea hapo, ndipo sabuni na sponji vinapohitajika: paka povu kuanzia kwenye vali, kisha kwenye mishono ya kingo, na utazame mahali povu linapofura na kuendelea kufura. Kiputo kimoja kilichonasa, kama kile kilichonidanganya, hutoka mara moja na hakifuatwi na kingine.

Kwenye kitanda cha bembea mambo yanageuka kwa namna ninayoipenda sana. Ardhini watu wengi hulitaka godoro limekaza. Ndani ya bembea, godoro lililokaza ni kama ubao ndani ya mtumbwi: bembea inataka kupinda, ubao unataka kunyooka, kingo zinainuka, na usiku wa manane linachomoka ubavuni kwako. Kulegea kidogo ndiko kunakolifanya lifuate umbo la kitambaa. Kwa hiyo lijaze mapema, lilaze ndani ya bembea lipoe kwa saa moja, liongeze upepo likishapoa, kisha panda juu na ufungue vali kwa kuiba, pumzi kwa pumzi, mpaka makalio yakaribie kugusa kitambaa bila kukigusa. Ugumu unaoupata hapo ndio utakaoamka nao, kwa sababu baridi imeshachukua chake.

Hilo linabadilisha vigezo vya kuchagua godoro la kutegemewa. Vali ndiyo ninayoiangalia kwanza: iwe na kifuniko cha ndani kinachoruhusu hewa kuingia tu, ili uweze kuongeza pumzi mbili usiku bila kupoteza kumi, na iwe na namna ya kutoa hewa kidogokidogo. Vali inayomwaga hewa yote kwa mkupuo ni adhabu ukiwa unaning'inia gizani. Kitambaa hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Magodoro mepesi huwa na denia 20 au 30 na huogopa miiba. Lakini bembea haina miiba chini yake, na hapo unaweza kuchagua kitambaa chepesi kwa moyo mkunjufu kuliko anayelala chini, ili mradi ukague zipu, vifungo na vitu vya mfukoni.

Upana ni muhimu kuliko urefu. Bembea hukunja mabega, na godoro la sentimita 51 linaacha mabega nje ambapo kitambaa kitupu kinapigwa na upepo. La sentimita 63 linafika. Ukipata bembea ya tabaka mbili, lichomeke godoro katikati ya tabaka, halitatoroka.

Unene usikudanganye kuhusu joto. Hewa iliyotulia huzuia baridi vizuri sana, lakini ndani ya chumba kikubwa kitupu cha godoro haitulii, inazunguka: inapashwa juu na mwili uliozama, inapozwa pembeni na chini, na kila mzunguko unabeba joto lako. Ndiyo maana godoro nene lisilo na kitu ndani ila hewa mara nyingi hupata thamani ya R, yaani kipimo cha jinsi linavyozuia joto lisipotee, isiyofika 2, huku jembamba lenye nyuzi za poliesta au karatasi za kurudisha joto likilipita mbali. R hupimwa kwa kiwango cha F3340 cha mwaka 2018 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, godoro likiwa kati ya bamba la moto na bamba la baridi. Hapo limelala bapa na hakuna upepo, kwa hiyo kwa anayelala hewani namba hiyo inafaa kwa kulinganisha godoro na godoro, si kwa kuahidi usiku wa joto.

Anayetaka usalama kuliko wepesi achukue lenye sponji ndani, lile linalojivuta upepo lenyewe, ambalo kampuni ya Cascade Designs ya Seattle, Marekani, ililianzisha miaka ya 1970 kwa jina la Therm-a-Rest. Likipata pancha kweli, sponji inabaki kati yako na baridi.

Na asubuhi, kabla hujafungua bembea, fungua vali. Baridi iliyolilegeza usiku ina upande wake wa pili: godoro lililofungwa likiachwa juani, ile 4 ya ziada inaweza kuwa 12 au zaidi, na kuta za ndani zinazotenganisha mirija huanza kubanduka. Utaliona kwa uvimbe mmoja mviringo katikati ya mistari iliyonyooka, na huko ndani kiraka hakifiki.