Ngazi za Nyumbani Baada ya Mlima

Wengi wanaokuja kwangu baada ya safari ya siku tano au sita milimani hawalalamikii kupanda, wanalalamikia ngazi za nyumbani kwao. Waliteremka salama, wakatua shanta, wakala wakashiba, kisha kesho yake wakashindwa kushuka vidato kumi bila kushikilia ukuta. Siwacheki, kwa sababu mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni tiba ya viungo, nimewahi kushuka ngazi kinyumenyume kwa siku mbili nzima.

Chanzo ni siku ya mwisho ya safari, siku ya kushuka. Mtu anapopanda, misuli ya mbele ya paja hukaza na kufupika huku ikiunyanyua mwili. Anaposhuka, misuli hiyo hiyo hukaza huku ikivutwa na kurefuka, kwa kuwa sasa kazi yake ni kufunga breki, na mkazo wa namna hii ndio unaochana nyuzi ndogondogo za misuli. Tatizo ni kwamba kazi ya breki hutumia oksijeni kidogo kuliko kazi ya kunyanyua. Pumzi haikatiki, moyo haudundi sana, na msafiri hudhani anapumzika ilhali mapaja yake yanaumia kimyakimya. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baadaye na kufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu. Wanaoilaumu asidi ya laktiki, ambayo misuli huitoa inapofanya kazi ngumu, wanakosea, maana hiyo huwa imekwisha kuondoka mwilini muda mfupi tu baada ya mwendo.

Kosa lingine ni la kukadiria muda wa safari. Kanuni ya mwaka 1892 ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, hukadiria saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, bila kuhesabu kushuka. Baadaye mpanda milima Eric Langmuir aliirekebisha: kwenye mteremko mkali, wenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 12, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 unazoshuka. Kwa hiyo mteremko mkali wa mita 1,200 unadai dakika 40 za ziada, na asiyezihesabu huzifidia kwa kukimbia juu ya kokoto zinazoteleza, magoti yakiwa yamechoka. Wengi huteguka kifundo cha mguu hapo, njia ikiwa inakaribia kwisha.

Kabla ya kuanza kushuka, mimi huketi na kufunga viatu upya. Hugonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa, hulegeza kamba kidogo juu ya vidole, kisha huzikaza barabara pale mguu unapokunjia. Kiatu kisipofungwa hivyo, vidole husukumwa mbele kwa kila hatua, na jioni kucha ya kidole gumba huwa nyeusi. Fimbo za kutembelea nazo hurefushwa kidogo, zitangulie mwili na kupokea sehemu ya uzito.

Ukishafika, usijilaze siku nzima. Matembezi mafupi kwenye tambarare hupunguza ukakamavu. Maumivu ya kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai kavu, huku misuli ikiwa imevimba na nguvu zimekwisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda misuli imevunjika kiasi cha kuhatarisha figo.

Habari njema ni kwamba misuli ina kumbukumbu. Mteremko mmoja wa wastani huikinga kwa wiki kadhaa, hivyo mteremko wa pili, hata ukiwa mkali, hauumi kama wa kwanza. Ndiyo maana watu wakiniuliza wajiandae vipi kwa safari, nawaambia kwamba wiki mbili kabla watafute kilima na wakishuke polepole, wakiwa wamebeba shanta, hata kama wamekipanda kwa gari.