Saa haisimami kwa kujazwa ufunguo mno

Saa ya ukutani ya kamani (springi inayoiendesha) ikisimama, lawama humwangukia aliyeitia ufunguo: "Umeijaza mno." Sivyo. Kamani ikijaa, ufunguo hugoma kuzunguka, basi. Saa isiyo na hitilafu itaendelea kutembea. Kinachoikwamisha mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyogeuka ulimbo ndani ya vitundu vya mabamba ya shaba, ncha za ekseli zikanata. (Kamani ikikatika ni jambo jingine: ufunguo huzunguka bila kukaza.)

Kabla ya kuita fundi, itie ufunguo hadi mwisho, sukuma pendulamu taratibu, kisha sikiliza. Mapigo yakichechemea, tik-tak… tik-tak… badala ya kupishana sawa, saa imekaa upande. Sogeza sehemu ya chini ya kasha kidogo, kushoto au kulia, mpaka yalingane. Saa nyingi "zilizokufa" huamkia hapo.

Ikigoma bado, inahitaji kusafishwa. Usipulizie dawa ya kulegeza kutu: hukauka na kuongeza utando. Fundi atalegeza kamani kwanza, maana ikifyatuka hukata vidole, asafishe mitambo, kisha aweke tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila kitundu. Meno ya magurudumu huachwa makavu.