Ngoma ya tatu haikai kwenye mistari minne: traka na sikwensa

Prodyuza wa Mwanza aliyezoea FL Studio, ambayo ni sikwensa (programu ya kupanga noti kwenye mkondo wa muda), akifungua traka (programu ya kupanga noti mstari kwa mstari) hudhani amefungua daftari la mahesabu. Muziki unashuka kutoka juu kwenda chini. Kila chaneli ina safu yake, na kila mstari unabeba noti, namba ya sampuli (kipande cha sauti kilichorekodiwa) na amri.

Tofauti kubwa si sura. Sikwensa inahesabu muda: FL kwa kawaida hugawa pigo vipande 96, na noti unaidondosha popote. Traka inahesabu mistari. Tangu Ultimate Soundtracker ya Karsten Obarski kwenye kompyuta ya Amiga, mwaka 1987, ruwaza (ukurasa mmoja wa muziki) huwa mistari 64. Kwa kawaida pigo linachukua mistari 4, na mstari tiki 6, tiki ikiwa kipimo kidogo kabisa cha muda. Kwa tempo 125, tiki moja ni milisekunde 20, mstari 120, pigo 480.

Sasa leta ngoma uliyorekodi Bujora, yenye mdundo unaogawa pigo mara tatu. Nne haigawanyiki kwa tatu, na ukilazimisha, ngoma itachechemea. Usihangaike na tempo. Punguza ruwaza hadi mistari 48, lipe pigo mistari 6, kisha andika amri ya F04, yaani tiki 4 kwa mstari, kwenye mstari wa kwanza. Tiki 4 ni milisekunde 80. Mara 6 unarudi palepale, 480. Faili la MOD, lile la traka za Amiga, halikubali ruwaza kupunguzwa, kwa hiyo weka amri ya D00 kwenye mstari wa 47 (hesabu inaanza sifuri), nalo litarukia ruwaza inayofuata.

Mpigaji akichelewesha mkono kidogo, amri ya ED1 inasogeza noti tiki moja. Ila ukiwa na F04, ED4 haitalia kabisa: mstari umekwisha kabla zamu yake haijafika. Wengi hulaumu sampuli bure.

Kosa jingine: noti mpya huua ya zamani kwenye chaneli ileile. Ngoma kubwa ina mvumo mrefu, basi ipe chaneli yake peke yake, la sivyo ngoma ndogo itaukata mvumo huo kama kisu.

Kwa upande wa kutumiana kazi, traka inashinda, kwangu mimi. Faili la MIDI, ambalo sikwensa hutoa, ni maagizo matupu ya noti, bila sauti. Likifika Musoma ngoma yako hulia kwa sauti za kompyuta ya huko. MOD husafiri na sampuli zake ndani.