Intro za baiti 256: dhana potofu na ukweli wake

Mwonyeshe kijana wa kompyuta hapa Mtwara intro (programu ndogo ya maonyesho ya picha na muziki) ya asembli, lugha ya amri zilizo karibu kabisa na prosesa, handaki la rangi linazunguka skrini nzima, kisha mwambie faili lina baiti 256. Atakujibu, "Humo kuna video imebanwa." Hakuna. SMS moja ni baiti 140, kwa hiyo hapa tunazungumzia SMS mbili ambazo hata hazijajaa. Picha moja tu ya nukta 320 kwa 200 yenye rangi 256 inakula baiti 64,000, na programu ya kufungua kilichobanwa nayo ingekula nafasi yake. Kubana kupo, ila ni kwenye intro za kilobaiti 4 na 64. Kwenye baiti 256 picha haikuhifadhiwa popote. Inakokotolewa nukta kwa nukta.

Hii hapa ndogo zaidi, nzima (h mwishoni mwa namba ina maana imeandikwa kwa msingi wa 16):

mov al,13h
int 10h
les bp,[bx]
rudia:
mov ax,0CCCDh
mul di
xchg ax,dx
xor al,ah
stosb
jmp rudia

Baiti 17. Amri mbili za kwanza zinawasha skrini ya rangi 256. Utamu uko kwenye ya tatu. DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, inapopakia faili la .COM (programu ndogo ya DOS), huacha mbele yake taarifa zake yenyewe, mojawapo ikiwa anwani ya mwisho wa kumbukumbu, kwa kawaida 9FFFh. Kumbukumbu ya skrini inaanzia A000h, jirani kabisa. Kuiandika A000h kwa njia ya kawaida ni baiti 4. Kuokota kilichokwishaachwa ni baiti 2. Picha inasogea nukta 16 pembeni, na sijaona mtu aliyelalamika. Kuzidisha kwa CCCDh kunatoa safu na mstari wa kila nukta, xor, amri ya kulinganisha biti kwa biti, inavichanganya viwe rangi, na mbele yako inatokea miraba ndani ya miraba.

Kwa hiyo wanaosema hii ni kazi ya wenye shahada ya hisabati wanatishia watu bure. Hapo kuna kuzidisha na xor tu. Kinachotesa ni kukaa usiku mzima ukitafuta baiti moja.

Wengine huamini kodi (maandishi ya programu) fupi ndiyo yenye kasi. Mara nyingi ni kinyume. Amri ya loop ni baiti 2, wakati dec cx na jnz kwa pamoja ni 3, lakini kwenye prosesa nyingi za Intel, tangu enzi za 486, hiyo fupi ndiyo inayojikokota. Mwandishi wa intro anajua hilo na anaichagua vilevile.

"Basi haina muziki." Mwaka 2017 Linus Åkesson wa Sweden alipeleka Revision, tamasha la watengeneza intro huko Ujerumani, intro ya kompyuta ya zamani ya Commodore 64 iitwayo A Mind Is Born: baiti 256, picha na muziki juu. Aliiingiza kwenye shindano lililoruhusu kilobaiti 4, yaani mara 16 ya hizo, akashinda.

Kuna pia wanaohangaika kutafuta kompyuta ya kale. Siwalaumu, maana Windows ya biti 64 inakataa faili la .COM la DOS. Dawa yake ni DOSBox, programu ya bure inayoiga DOS, na NASM ya kugeuza kodi ya asembli iwe programu, nayo ni bure. Bando litakaloliwa ni la kushusha hizo mbili tu.

La mwisho nalisikia sana: "Asembli haina ajira Mtwara." Hilo si dhana potofu, ni kweli tupu. Ila chipu ya ATtiny13 ina baiti 1,024 za programu na 64 za RAM, na anayetaka kuunda kipima unyevu cha korosho kwa chipu kama hiyo atakuta baiti zinaisha kabla kazi haijaisha.