Kidonda Kisichouma: Maswali na Majibu Kuhusu Sukari na Ngozi

Swali: Sukari ya damu inahusianaje na ngozi?

Jibu: Ikikaa juu muda mrefu, sukari huganda kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, zikakakamaa. Mishipa midogo ya damu huharibika, na chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu huwa goigoi.

Swali: Hilo lilijulikanaje?

Jibu: Sehemu kubwa kwa panya wa maabara. Hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, sukari ikapanda. Kisha hukatwa kidonda kidogo mgongoni, na wenzao wenye sukari ya kawaida hukatwa vilevile. Vidonda vya wenye sukari huchelewa kufunga. Wakipewa insulini, hali huwa afadhali. Ila usihesabu siku za panya ukadhani ndizo zako: ngozi ya panya hufunga kidonda zaidi kwa kujivuta, yetu hutegemea zaidi nyama mpya iote.

Swali: Nina kisukari na kidonda mguuni, lakini hakiumi. Nisubiri kidogo?

Jibu: Hapana. Sukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, kwa hiyo kutouma hakumaanishi unapona. Huenda mguu umeshakufa ganzi. Sisi wahudumu wa afya tunavua soksi iliyogandamana na usaha, tunakuta shimo kwenye unyayo, na mwenye mguu anatuambia, "Mbona hakikuwa kinauma?" Ndivyo vidole vinavyokatwa.

Swali: Hata kama ni lengelenge la kiatu tu?

Jibu: Hata hilo. Usilitumbue, wala usikivae tena kiatu kilicholileta. Halikuumi? Basi ndiyo sababu ya kuja leo, si wiki ijayo.

Swali: Nikiloweka mguu kwenye maji ya moto?

Jibu: Tafadhali, acheni hili. Mguu wenye ganzi haujui moto. Utaungua huku ukiona raha. Osha kwa maji safi ya kawaida, kausha, funika kwa bandeji safi, kisha nenda kituo cha afya.

Swali: Dawa zangu za sukari hazitoshi?

Jibu: Usiziache, lakini kidonda chenyewe pia husafishwa, na hukingwa kisikanyagiwe na uzito wa mwili.

Swali: Nitagunduaje mapema nami sihisi kitu?

Jibu: Kwa macho. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo ukishindwa kuinama. Ukiona wekundu unaopanda, ngozi nyeusi, au ukisikia harufu mbaya au homa, usingoje kukuche.