Idhini Uliyoisahau Kwenye Pochi Yako ya Kripto

Kripto ikitoweka kwenye pochi, swali la kwanza huwa: nani alijua nywila? Mara nyingi hakuna aliyeijua. Mwenyewe alitia saini ya idhini, pengine miezi kadhaa nyuma.

M-Pesa hukudai PIN kila unapotuma. Huduma za kripto zisizo na msimamizi zina utaratibu mwingine. Kabla ya kubadilisha tokeni (sarafu ya kidijitali) au kuiweka ipate riba, unaipa programu idhini ya kuichota kwenye pochi yako. Ili usilipie gesi (ada ya mtandao) kila mara, programu nyingi hujaza kiwango kisicho na kikomo, nambari ya tarakimu 78. Ukiidhinisha leo ukiwa na 50 za USDT, tokeni inayofuata thamani ya dola, kisha mwakani ukaongeza 5,000, idhini ile ile inazifikia zote. Programu ikidukuliwa, hakuna atakayekuuliza tena, wala hakuna 456, ile namba ya Safaricom, ya kutuma ujumbe urudishiwe.

Desemba 2021, wadukuzi walioishambulia BadgerDAO, huduma ya kuwekeza kripto, hawakugusa mikataba yake (programu zinazoshika na kuhamisha fedha). Walipenyeza msimbo kwenye tovuti yenyewe, ukawa unawaletea wateja ombi la ziada la idhini. Takriban dola milioni 120 zilichotwa. Anwani ya tovuti ilikuwa halali, kwa hiyo kukagua tahajia yake kusingefaa kitu.

Kutenganisha pochi na tovuti hakufuti idhini. Hapa wengi hujidanganya. Bandika anwani ya pochi (ile ya hadharani, kamwe si maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi) kwenye Revoke.cash, tovuti ya kukagua na kufuta idhini. Utaona kila tokeni, nani ameruhusiwa na kiasi gani. Anza na zisizo na kikomo. Kila ufutaji ni muamala, hivyo bakisha sarafu kidogo ya gesi (itheri, kwenye mtandao wa Ethereum), na urudie kwa kila mtandao unaotumia.

Saini za aina ya Permit (idhini unayotoa kwa kusaini ujumbe tu, bila muamala) ni hatari zaidi kwa sababu ni za bure. Hazionekani kwenye blokucheni, daftari la wazi la miamala, mpaka mwizi azitumie. Soma anayepewa, kiasi na tarehe ya mwisho kabla ya kukubali. Kwa idhini za kawaida, futa kiwango kilichojazwa uandike chako. Akiba kubwa ikae pochi nyingine isiyounganishwa na tovuti yoyote.

Maneno ya siri yakishavuja, kufuta idhini ni kupoteza muda. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, uhamishe kila kitu mara moja.