Uliacha lini mpira? Neno kwa wakongwe wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi

Ukimuuliza mtu wa Kigoma aliyekuwa anakiwasha uwanjani kwamba mpira aliacha lini, mara nyingi hana tarehe ya kukutajia. Jumapili moja kulikuwa na msiba, Jumapili ya pili mtoto ana homa, afu akahamishiwa kazi Kasulu miezi minane, kurudi anakuta timu imejaa vijana hata majina hawajui na goti la kulia linamuuma akishuka kilima, basi njumu zikatundikwa msumarini nyuma ya mlango mpaka soli ikaachama. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watu wa hivi nawapokea kila wiki na kusema kweli nawaonea huruma, maana hawajafanya kosa lolote, ni maisha tu yamewabeba.

Nikupe mfano wa mmoja. Miaka 44, anauza migebuka pale Kibirizi, zamani alikuwa winga na mbio zake zinakumbukwa mpaka leo. Miaka sita hajagusa mpira. Pasaka likaja bonanza la wazee na vijana, akaazima jezi, hakupasha hata dakika mbili, akaukimbilia mpira mmoja mrefu mara akasikia pah! kisiginoni, kama mtu kampiga teke kwa nyuma. Akageuka na hasira zake, nyuma hakuna mtu. Nyumbani wakamkanda maji ya moto na kumchua mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, wiki mbili nzima. Alipofika kwetu nikamlaza kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda, nikaminya kigimbi cha mguu mzima, unyayo ukacheza. Nikaminya cha upande wa pili, unyayo umetulia tuli. Nikarudia. Akaniuliza, "Dokta, mbona huanzi?"

Unyayo ukitulia vile ni kano ya kisigino imekatika, yaani ule mkanda unaounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino. Ndo kano nene kuliko zote mwilini na ukikimbia inabeba uzito wako mara kadhaa, ila inawakatikia zaidi wanaume wa miaka 30 mpaka 50, hasa wanaocheza mara moja moja. Shida iko hivi: ukianza tizi, misuli inapata nguvu ndani ya wiki chache, kano inataka miezi maana damu inayoifikia ni kidogo, kwahiyo unajisikia freshi kabisa wakati kisigino bado hakijawa tayari. Na kuanzia miaka 30 hivi misuli yenyewe inapungua kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, usipoitumia ndo kabisa. Kitambi nacho hakimwonei mtu huruma, kila kilo moja unayoongeza goti linaisikia kama kilo 4 kila hatua.

Kwahiyo ndugu zangu mechi unaweza kuiacha, hilo halina ubaya, ila usiache mwendo. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Hapa kwetu vilima viko bure, toka stesheni panda mpaka Mwanga kwa mguu, bodaboda iache ipite. Halafu simama ukingoni mwa ngazi, shika ukuta, panda kwa ncha za miguu yote miwili, shuka taratibu kwa mguu mmoja, mara 15, seti tatu kila mguu. Kama kisigino kimevimba au kiliuma ghafla usijaribu, njoo tukuone kwanza, na tafadhali sana usikande wala usichue.

Anayetaka kurudi uwanjani ajipe miezi miwili au zaidi, aanze na kutembea, afu mbio za polepole, zile mbio za kufukuzia mpira ziwe za mwisho kabisa. Presha na sukari pima kabla. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, toka hapohapo uende hospitali, usisubiri filimbi ya refa. Kule Uingereza tangu 2011, mji wa Chesterfield, wazee wana mpira wa kutembea, ukikimbia ni faulo, na mimi natamani sana kuuona mchangani Ujiji.

Yule winga tulimpa rufaa akashonwa, akakaa na hogo, ile plasta ngumu ya mguu, wiki kadhaa, sa hizi Jumamosi anashika kibendera kwenye mechi za watoto, anatembea pembeni ya uwanja mwanzo mwisho. Ananiuliza atakimbia lini. Nimemwambia siku atakayosimama kwa ncha ya mguu ule peke yake mara ishirini, ndo tutaongea. Alhamisi iliyopita kafika nne.